Nipakue Nini?

Mama alinipigia simu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hiyo ni saa ambayo simu ya nyumbani ikilia unakaa kwanza kitandani, unajikaza, ndipo unapokea, maana hujui ni nani ameaga.

"Mwanangu, umeamka?"

"Nimeamka, Mama. Kuna shida?"

"Hapa kwa simu wameandika nipakue fomu. Sasa nipakue nini? Nimebonyeza tangu jana jioni na sioni kitu."

Nilicheka. Aki nilicheka. Kwanza ilikuwa nafuu ya kujua hakuna msiba. Pili, ni lile neno. Mama amepakua maisha yake yote. Amepakua ugali, amepakua mchuzi, amepakua wali wa harusi za watu pale Voi mpaka mkono ukafa ganzi. Ukimwambia mtu kama huyo apakue, ana haki ya kukuuliza sufuria iko wapi na sahani ni ipi.

Chama chao kina kina mama kumi na wawili, na yeye ndiye mweka hazina. Walikuwa wanaomba mkopo wa kununua tangi la maji. Ofisi inayotoa mkopo ilikuwa imeweka kila kitu mtandaoni, na kwa hilo nawapa hongera, maana zamani angepanda matatu kwenda na kurudi ili tu aambiwe fomu zimeisha. Ukurasa wenyewe ulikuwa na hatua tatu: Pakua fomu. Jaza fomu. Pakia fomu. Nilipoufungua kwa kompyuta yangu nikaona Kiswahili chake ni safi, hakina kosa hata moja. Na kila neno hapo Mama analijua tangu utotoni. Unapakua chakula, unajaza mtungi, unapakia gunia kwa lori. Alielewa maneno yote matatu na bado hakujua afanye nini.

"Labda ni mimi tu," akasema. "Unajua sikusoma sana."

Hapo ndipo nikaacha kucheka. Hiyo sentensi naijua. Niliwahi kujiambia kitu kama hicho, na mimi nilikuwa chuo kikuu.

*

Ilikuwa 2018, mwaka wangu wa pili. Baba alikuwa ameachishwa kazi, karo imelimbikizana, na mimi nilikuwa nimeomba ufadhili mahali. Nilituma maombi bila matumaini, vile unavyocheza bahati nasibu. Jumanne moja nikapata barua pepe: hongera, umefika hatua ya pili, jaza nyaraka zilizoambatishwa na uzirudishe kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Chini yake kulikuwa na faili moja. Jina lake liliishia na herufi tatu ambazo sikuwa nimewahi kuziona: rar.

Nikabonyeza kwa simu. Simu ikaniambia kwa Kiingereza kwamba haiwezi kuifungua. Nikazima, nikawasha, nikabonyeza tena. Jibu ni lile lile. Jumatano nikapanga foleni ya kompyuta za maktaba. Pale faili ikatokea na picha nyeupe isiyo na alama yoyote, na kompyuta ikaniuliza nataka kuifungua na programu gani. Sasa hilo ni swali gani la kumuuliza mtu? Ningejua si ningekuwa nimeshaifungua? Nikachagua Notepad, juu ndiyo ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Ikajaa vimiraba, alama za kuuliza na herufi za lugha za watu. Nikaamua faili imeharibika.

Ungeniuliza kwa nini sikumuuliza mtu yeyote siku hiyo hiyo. Nitakwambia ukweli: niliona aibu. Kwenye fomu yao ya kwanza nilikuwa nimejisifu kwamba nina ujuzi mzuri wa kompyuta. Ningewaandikiaje sasa niwaambie nimeshindwa kufungua barua? Nilikaa na hiyo aibu siku mbili. Alhamisi usiku, baada ya kuandika na kufuta mara kadhaa, nikatuma: samahani, naona faili yenu ina tatizo.

Ijumaa ikapita kimya. Jumatatu asubuhi jibu likaja. Faili haina shida, ifungue na WinRAR. Muda wa kurudisha nyaraka umekwisha, tunakutakia kila la heri.

Nilienda saiba iliyo nje ya geti la chuo, kijana pale akaifungua kabla sijamaliza kumweleza. Ndani kulikuwa na fomu mbili na mfano wa barua ya chifu. Faili zilikuwa zimefungwa pamoja, basi, kama gunia lililoshonwa mdomo. RAR kazi yake ni hiyo: unatia faili kadhaa ndani, zinabanwa zichukue nafasi ndogo, unatuma moja. Herufi hizo zimetokana na jina la Mrusi aliyeitunga, Eugene Roshal. Ni kitu cha maana kabisa. Ila kompyuta za Windows za wakati huo hazikuja na uwezo wa kuifungua, na simu yangu ndiyo kabisa. Aliyenitumia alikuwa na programu yake, kwake faili ilifunguka, akadhani imefunguka duniani kote.

Nikikwambia faili moja ilinitoa chuo nitakuwa nimekudanganya. Kilichonitoa ni deni. Pengine hata ningejaza zile fomu ningekosa hatua ya tatu. Muhula uliofuata sikupata kadi ya mtihani, na muhula uliofuata huo sikurudi. Lakini kuna kitu hakijaniisha mpaka leo. Maelekezo niliyohitaji yalikuwa sentensi moja fupi. Waliijua tangu Jumanne. Waliniandikia Jumatatu.

*

Kazi yangu ya kwanza baada ya hapo ilikuwa saiba, Githurai. Naona Mungu pia anapenda mzaha. Ukutani tulikuwa na karatasi ya bei: kuprinti shilingi kumi, kuskani ishirini, na huduma ambayo bosi aliiandika kwa kalamu nyekundu, KUFUNGUA FAILI NA KUSAIDIWA, hamsini.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyolipa kodi yangu ya nyumba.

Alikuja mzee mmoja asubuhi akiwa na karatasi aliyoandika jina la tovuti kwa herufi kubwa. Alikuwa ametumia bando lote la siku. Nikachukua simu yake, nikaingia mahali faili zinapokaa, nikakuta fomu aliyokuwa anaitafuta. Ilikuwepo mara kumi na moja. Ya kwanza haikuwa na namba, halafu fomu (1), fomu (2), mpaka fomu (10). Kila alipobonyeza, iliingia. Kijialama kidogo kilitokea juu ya skrini, yeye akiwa anaangalia katikati akisubiri kitu kitokee. Mara kumi na moja alifanikiwa, na mara kumi na moja akaamini ameshindwa.

Alikuja mama mmoja na barua ya mwanawe ya kujiunga na chuo. Ilikuwa imetumwa kama faili ya Word. Simu yake iliifungua na programu nyingine, ikaivuruga: jedwali la karo likapanda juu ya jina, nembo ya chuo ikapotea, muhuri haukuonekana. Alikuwa ameshakata kauli kwamba ametapeliwa na mtoto hana nafasi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba amekumbatia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kijana, niambie tu ukweli." Nilipoifungua kwa kompyuta barua ikakaa sawa, nembo mahali pake, muhuri mahali pake. Alilia. Nikamtoza hamsini.

Nimeandika hiyo sentensi nikaifuta mara mbili kabla ya kuiacha. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilimtoza hamsini, na nilikuwa nimekula mihogo tu siku hiyo.

Siku moja nilimwambia bosi tubandike ukutani maelekezo: ukishabonyeza, faili huenda wapi, ikiishia na herufi hizi, fungua na hiki. Alinitazama kama mtu aliyependekeza tugawe soda bure. "Wakijua hayo, sisi tutakula wapi?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto watatu na mashine moja ya fotokopi iliyokuwa inakula karatasi. Ila siku hiyo nilielewa kazi yangu ni nini hasa. Kila mahali ambapo tovuti ilikuwa imenyamaza, palikuwa na shilingi hamsini, na mimi ndiye niliyekuwa naiokota. Kama unadhani kutoandika maelekezo hakumgharimu mtu kitu, uliza saiba yoyote iliyo karibu na steji.

*

Siku hizi mimi huandikia watu tovuti. Kurasa za "Kuhusu sisi", maswali yanayoulizwa mara kwa mara, vitu vya aina hiyo, nalipwa kwa ukurasa. Na kila ninapofika palipo na linki ya kupakua kitu, mimi hugombana na jamaa mmoja tunayefanya kazi pamoja. Yeye ndiye hutengeneza hizo tovuti, mimi natia maneno. Tumeshabishana juu ya jambo hili kwa chai, kwa chapo, na kwa simu usiku wa manane. Ana hoja, tena nzuri, wacha nimtendee haki.

Hoja yake ya kwanza ni kwamba watu wanajua. Hii ni Kenya, anasema, watu wanatuma pesa kwa simu tangu 2007, utawafundishaje kufungua faili? Ya pili, maelekezo yanajaza ukurasa na kumdharau msomaji, kama mwenyeji anayekufundisha kushika kijiko. Ya tatu, maelekezo huzeeka.

Hiyo ya tatu ina ukweli mwingi. PDF ilitolewa na Adobe mwaka 1993 ili waraka uonekane vile vile kwa kila kompyuta, hata kama mashine ni tofauti. Mwanzoni ulihitaji programu yao ili kuusoma, kwa hivyo tovuti za zamani zilikuwa na kitufe chekundu na mstari mmoja: ili kusoma waraka huu unahitaji programu hii, ipate hapa bure. Mwaka 2008 PDF ikawa kiwango cha kimataifa kilicho wazi kwa yeyote kukitumia, na vivinjari vikajifunza kuifungua vyenyewe. Kile kitufe kikabaki kama kibao cha duka lililohama. Walipokiondoa walifanya sawa. Hata leo kuna kurasa zinazokwambia ubonyeze kitufe cha kulia cha kipanya, na wewe umeshika simu kwa mkono mmoja, mwingine umeshikilia bomba la matatu.

Tatizo ni kwamba walipoondoa kitufe, waliondoa na ile tabia ya kumwambia mtu kinachomngoja. Faili hazikuisha kuwa ngumu. Zilihama tu. PDF ikawa rahisi, lakini bado kuna za Word zinazovurugika kwa simu, kuna zip na rar, kuna za Excel zenye vijiprogramu ndani, kuna fomu za PDF ambazo simu inakuonyesha vizuri lakini haikuruhusu kuandika jina lako. Na faili ikiwa nzito, mtu wa bando la mbao anaikatia nusu njia bila kujua kwa nini imekata.

Kuhusu kudharauliwa, nilimuuliza: wewe ukienda ofisi ukakuta mlango umeandikwa VUTA, unahisi umetukanwa? Mtu anayejua hasomi hata, anavuta anaingia. Asiyejua anasukuma, anasukuma tena, halafu anageuka akidhani wamefunga.

Na kuhusu kwamba watu wanajua, hapo ndipo anakosea vibaya zaidi. Hebu fikiria huo mfano wake wa kutuma pesa. Ukituma pesa kwa M-Pesa, kila hatua inakwambia iliyo mbele. Ingiza namba. Ingiza kiasi. Ingiza PIN. Kisha unapata ujumbe: imethibitishwa, umemtumia fulani kiasi hiki, saa hii, salio lako ni hili. Nyanya asiyejua kusoma vizuri anajua ule mlio una maana gani. Watu hawakuzaliwa wakijua. Waliambiwa, na wanaendelea kuambiwa kila siku, hata sasa wakati kila mtu anajua. Hakuna anayesema M-Pesa inatudharau.

*

Kuna hoja ya nne ambayo jamaa wangu hakuitaja. Nilijitajia mwenyewe, na ndiyo iliyonisumbua zaidi: maelekezo yanaweza kuumiza.

Nikiwa saiba nilizoea faili za Excel ambazo hazifanyi kazi mpaka uruhusu makro, yaani vile vijiprogramu vilivyofichwa ndani yake. Ofisi inayotoa fomu kama hiyo hukwambia: ukiona onyo la manjano, bonyeza uruhusu. Nami niliwaambia mamia ya watu hivyo. Bonyeza, usiogope. Sasa makro hizo hizo ndizo wahalifu wametumia kwa miaka mingi kuingiza virusi kwenye kompyuta za watu, mpaka mwaka 2022 Microsoft ikaanza kuzizuia zenyewe katika faili zinazotoka intaneti. Onyo lile lilikuwa na kazi. Mimi nilifundisha mtaa mzima kulipuuza.

Ni vivyo hivyo na zile programu zinazosambazwa kwa WhatsApp, zinazokuja na maagizo mazuri yenye namba: nenda kwa mipangilio, ruhusu programu kutoka vyanzo visivyojulikana, bonyeza sawa. Matapeli huandika maelekezo mazuri sana. Hawakuachi gizani hata hatua moja. Ofisi halali ikinyamaza na tapeli akiongea vizuri, utamlaumu vipi mtu akimfuata anayeongea?

Kwa hivyo sijasema tovuti ziweke maelekezo yoyote, mahali popote, marefu kama hotuba. Nimekuja kuamini mambo machache tu. Kama kitu kinaweza kusomeka kwenye ukurasa wenyewe, kiweke kwenye ukurasa, usimpe mtu faili. Serikali ya Uingereza, kwenye tovuti yake ya GOV.UK, imewahimiza waandishi wake wachapishe kama kurasa za kawaida badala ya PDF, kwa sababu PDF ni ngumu kusoma kwa simu na ngumu kwa watu wanaotumia programu za kusomewa. Maelekezo bora ni yale ambayo hayahitajiki.

Lakini kama lazima iwe faili, mwambie mtu kabla hajabonyeza. Ni ya aina gani. Ni nzito kiasi gani. Ikishaingia itakuwa wapi. Ikikataa, ampigie nani. Na kitu gani hutamwomba kamwe, ili akiombwa ajue si wewe. Basi. Ukitaka kuweka mambo ya simu moja moja, yatenge chini kabisa, yawe na tarehe, na mtu awe na kazi ya kuyasasisha.

Na yaandikwe kwa lugha ya anayesoma. Ibara ya 35 ya Katiba yetu ya 2010 inampa kila raia haki ya kufikia habari zilizo mikononi mwa serikali, na mwaka 2016 ikatungwa sheria nzima ya kufikia habari. Neno ni kufikia. Sijaona mahali imeandikwa kwamba habari zikishawekwa mtandaoni, raia amezifikia. Yule mzee wa Githurai zilimfikia mara kumi na moja, zikakaa mfukoni mwake, akapanda gari kuja kulipa hamsini ili aonyeshwe.

*

Mwaka jana nilipata kazi ya kuandikia chuo kidogo cha ufundi, sitakitaja jina. Kurasa tisa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa fomu ya kujiunga. Wao walikuwa wameniletea neno moja: Pakua. Mimi nikaongeza chini yake hivi:

"Fomu hii ni PDF ya kurasa nne, ukubwa wake ni chini ya MB moja. Ukibonyeza mara moja inaingia kwenye simu yako. Ifuate kwenye Files, sehemu ya Downloads. Ikikataa kufunguka kosa si lako, tupigie. Hatutakuomba PIN wala kukuambia uweke programu yoyote."

Msimamizi aliifuta yote. Akaniandikia kwamba wanafunzi wa siku hizi ni wa dijitali.

Nilikuwa nadai nusu ya malipo, na nilijua mteja akikasirika nusu hiyo huwa hewa. Nikakaa na meseji yake siku nzima. Kisha nikaomba ruhusa ya kuongea na dada wa mapokezi. Nikamwuliza watu wakipiga simu wanauliza nini. Hakufikiria hata. "Wanauliza fomu iko wapi. Nawaambia iko kwa tovuti. Wanasema wametoka huko." Akanionyesha daftari anamoandikia simu zinazoingia. Asubuhi hiyo peke yake zilikuwa nne, na zote ni za fomu.

Nilimpelekea msimamizi picha ya hilo daftari. Sikuongeza neno.

Alirudisha maelekezo. Si yote. Ile ya PIN ilibaki, ya ukubwa ikabaki, ya Downloads ikabaki. Aliondoa maneno matatu tu: kosa si lako. Alisema yanaifanya taasisi ionekane kama ina makosa. Nikaacha yaende, juu kodi ilikuwa imefika, na nililipwa wiki iliyofuata. Lakini hayo matatu ndiyo niliyokuwa nayataka kuliko mengine. Hayo mengine yanamsaidia mtu kufungua faili. Hayo matatu yangenisaidia mimi kuuliza Jumanne.

*

Turudi kwa Mama, bado yuko kwa simu.

"Usibonyeze tena," nikamwambia. "Rudi mwanzo, pale penye picha ndogo ndogo. Tafuta iliyo kama folda."

"Kuna iliyoandikwa Files."

"Ingia hapo. Sasa tafuta palipoandikwa Downloads. Au Vipakuliwa, kama simu iko kwa Kiswahili."

"Vipakuliwa!" Akacheka. "Hivyo ni vyakula." Halafu kimya. Nikasikia kuku nje kwake, na mtu akiburuta ndoo. "Mwanangu. Ziko saba."

"Angalia ya kwanza imeandikwa saa ngapi."

Akasoma polepole, namba moja moja. Jana jioni, kabla ya taarifa ya habari.

"Kwa hivyo ilikuwa imeshaingia?"

"Tangu jana, Mama."

"Na mimi nimelala nikiwaza nimewaangusha wenzangu." Hakuwa anacheka tena. "Sasa si wangesema tu?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilimwambia aende saiba ya mjini wamprintie, ajaze kwa kalamu, wamskanie, warudishe. Nilimtumia mia mbili ya kazi hiyo. Nikajua kuna kijana huko atakayekula hamsini yake, na sikumwonea kinyongo.

Jioni nikapokea sauti aliyonirukia kutoka kwa kikundi cha WhatsApp cha chama chao. Alikuwa amewarekodia wenzake kumi na mmoja, kila mmoja alitakiwa kujaza fomu yake. Inachukua sekunde arobaini hivi. Nyuma kuna kelele za sufuria.

"Kina mama, hamjambo. Hiyo fomu, ukibonyeza palipoandikwa pakua, utaona kama hakuna kitu kimetokea. Kimetokea. Bonyeza mara moja tu, usimalize bando. Imeingia kwa simu, iko kwa folda inaitwa Files, ndani ya Downloads, itafute hapo. Usiseme hujui kusoma. Hata mimi nilidhani ni mimi. Ukishindwa nipigie, niko hapa mpaka saa nne usiku."